Nguzo Tatu Kutembea, Moja Kukimbia

Wasike alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi, amelazwa chali juu ya ubao wa mwerezi, watu wanne wameushika huku na huku. Ilikuwa Machi 1971, na vumbi la Nakuru lilikuwa limeamka kabla ya watu. Alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu tu, jamani! Si gogo, si gunia. Mtu aliyepakia mbao miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha Bwana Joginder akashindwa na kamba ya kiatu. Kitu kililia kiunoni, kaa! Na hapo alipoinama ndipo alipobaki, mpaka wenzake wakamkunjua kidogo kidogo na kumlaza.

Mtaa wa Kivumbini haukuuliza maswali. Wanawake waliokuwa mferejini waliona ubao, wakaona mtu juu yake anaangalia mbingu, wakapiga nduru. Mkewe, Naliaka, mama yake Simiyu, alitupa karai la nguo akaja mbio.

"Niko hai!" Wasike alisema, lakini mtu aliyelala chali hana sauti ya kushindana na nduru za mtaa mzima. "Mama Simiyu, mimi niko—"

Naliaka alishajitupa juu yake. Yowe alilolitoa Wasike hapo lilimwondolea kila mtu shaka. Wanawake wakanyamaza, mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, na wale wabebaji wakasema wana haraka, maana Bwana Joginder amewaambia ubao urudi upesi, ni wa mteja.

*

Alilala wiki tatu. Akapakwa mafuta ya taa na vitunguu, akakandwa na kila jirani aliyekuwa na mikono. Hakukuwa na nafuu. Mwishowe Naliaka alimpeleka kwa Daktari Shabir, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kliniki yake ilikuwa na kiti kimoja na wagonjwa ishirini.

Daktari alimwinua mguu mmoja, akamwinua wa pili, akamgonga goti kwa kinyundo. Kisha akamuuliza amelala muda gani.

"Wiki tatu, daktari. Sijainuka hata kwenda kanisani."

"Ndiyo sababu unaoza," alisema Daktari Shabir. "Mgongo si mzee wa kanisa, usiupe kiti. Utembee. Ukizoea kutembea, ukimbie."

Wasike alimtazama mkewe. Naliaka alimtazama daktari.

"Akimbie kwenda wapi?" aliuliza Naliaka.

"Popote. Na kurudi." Daktari alichukua karatasi ya dawa akaandika kwa herufi kubwa. "Barabara ya stesheni ina nguzo za simu. Wiki mbili za kwanza, nguzo tatu kutembea, moja kukimbia. Polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Siku moja ukimbie, siku moja upumzike. Wiki ya tatu, mbili kwa moja. Wiki ya tano, moja kwa mbili. Maumivu yatakuwepo, nisikudanganye. Yakishuka mguuni mpaka kidoleni, simama, njoo kwangu. Yakibaki kiunoni yakilalamika tu, wacha yalalamike."

"Na sindano?" Naliaka aliuliza.

"Hakuna sindano."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Naliaka alifungua fundo la leso akalipa, mkono ukisitasita. Nje alitembea hatua kumi, halafu akalipuka. "Kukimbia! Pesa yote ile kuambiwa kukimbia! Si hata mbuzi wangekwambia bure?"

Wasike alikuwa anahesabu nguzo.

*

Jioni hiyo Bwana Joginder alikuja mwenyewe na pikapu yake. Alikuwa mtu mnene, wa sauti kubwa na moyo usiokuwa mbaya, ila alikuwa amechoka kudanganywa. Mwaka uliopita mpakiaji mmoja aliapa kwamba mgongo wake umepona, akaachilia gogo katikati ya ngazi, na mwenzake akavunjika mguu. Aliketi kwenye kiti cha pekee cha chumba hicho, na kiti kikalia.

"Wasike, mimi sitaki maneno marefu. Iko watu kumi kwa geti yangu kila asubuhi, migongo mizima. Na hii chumba unalala ni ya kiwanda. Daktari alisema nini?"

"Alisema nikimbie, bwana."

Bwana Joginder alicheka mpaka kilemba kikayumba. Halafu akaacha, akapangusa macho. "Sawa. Basi kimbia. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, kutoka geti yangu mpaka stesheni. Mimi nyuma na pikapu. Ukifika bila kusimama, kazi ni yako, chumba ni yako. Ukisimama hata kufunga kiatu, tumemalizana vizuri, hakuna kuleta kelele."

"Hiyo ni wiki nane tu, bwana," alisema Naliaka.

"Na mimi sikusema akimbie Olimpiki, mama."

Alipoondoka, Naliaka alivitazama vyombo vyake, kitanda, na pazia aliloshona mwenyewe kutenga upande wa watoto. Kurudi Bungoma na watoto watano kwenye nusu eka ya shemeji hakukuwa kurudi, ni kudhalilika. Akaitoa ile karatasi ya daktari pale alipokuwa ameikunja, akaibandika ukutani kwa uji.

*

Asubuhi ya kwanza lilikuja jambo la nguo. Wasike alikuwa na suruali mbili.

"Suruali ya kanisa haikimbiwi," alisema Naliaka. "Na ya kazi ikichanika matakoni, utafanya mtihani na blanketi?"

Ikabaki kaptura ya kaki, ya ujana wake, iliyokuwa ikimfika gotini na sasa, kwa sababu ya tumbo, ilikuwa imepanda juu kutafuta hewa. Miguuni alivaa raba za shilingi chache. Alitoka kabla hakujapambazuka vizuri, akipita ukutani kama mtu aliyeiba. Nguzo tatu alitembea. Ya nne akakimbia, kama kule kulikuwa kukimbia. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni kuushikilia mgongo usidondoke, na kila hatua ilimpiga kutoka kisiginoni mpaka kwenye meno.

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema, "Mzee, unakimbia ama unatafuta choo?"

Alikuwa Jerop, muuza maziwa, mkebe mgongoni, anaingia mjini kama kila siku. Alikuwa anatembea. Na akampita.

"Wewe ni Mnandi," Wasike alihema. "Badala ya kunicheka, nifundishe."

"Nani alikwambia sisi tunazaliwa tukikimbia? Mimi miaka kumi natembea na haya maziwa. Siku yakimwagika ndiyo utaniona mbio." Alienda hatua chache, akageuka kwa huruma kidogo. "Toa mkono kiunoni. Na usiangalie miguu, haitapotea."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Wiki ya kwanza aliporudi alilala sakafuni na kutukana ukoo mzima wa Daktari Shabir. Wiki ya pili alimtukana daktari peke yake. Wiki ya nne maumivu yalikuwa palepale kiunoni, hayajahama, lakini yalikuwa yanaongea taratibu, na asubuhi moja Wasike aliketi kitandani akafunga kamba za viatu mwenyewe. Naliaka alisimama na sufuria mkononi akamwangalia. Alimwongezea sukari kwenye chai.

*

Basi hapo ndipo mama mkwe alipoingia Nakuru.

Mama Nasambu alishuka kwenye gari moshi kutoka Bungoma na kikapu cha kuku wawili. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na mgongo uliolima tangu enzi za babu. Alikuja kuutafutia daktari wa mjini. Alifikia mtaa wa Kaloleni, kwa binti wa dada yake, kwa sababu kulala kwa Wasike lilikuwa jambo lisilosemeka. Ukwe wa Kibukusu si mchezo. Mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani. Wakikaribia kukutana, mmoja huacha njia akajificha. Na kuonana mmoja akiwa nusu uchi, hilo ni la kuitisha wazee na kutoa mbuzi. Kwa miaka kumi na mitano ya ndoa Wasike alimfahamu mama mkwe wake kwa mgongo tu, na kwa kikohozi. Wakati mmoja kule Bungoma alilala nyuma ya ghala kuanzia adhuhuri mpaka jioni, mvua ikimnyeshea, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi upande wa pili akipeta wimbi.

Naliaka, kwa mapenzi ya binti, akampeleka mamake kwa daktari aliyemjua. Kosa lenyewe ndilo hilo. Daktari Shabir akamwinua mguu mmoja, akamwinua wa pili, akachukua karatasi ya dawa.

"Nguzo tatu polepole, moja haraka haraka," alisoma Naliaka walipotoka, na bado hakushtuka. Alijiambia kutembea ni kutembea, na Nakuru ni kubwa. Lakini kutoka Kaloleni barabara yenye nguzo ilikuwa ni ile ile moja.

Walikutana Jumatatu, ukungu ukiwa umekaa barabarani mpaka huoni nguzo ya pili. Wasike aliona shuka ya maua ikimjia. Akajua ile shuka, alikuwa ameilipa yeye kwenye mahari. Kaptura yake akaihisi ikifupika. Hakufikiri, alijirusha mtaroni, na mtaro ulikuwa na maji. Mama Nasambu naye alikuwa ameona mapaja ya mwanamume na akajua ni ya nani, Mungu amsamehe. Alijitupa kwenye ua wa miiba.

Saa mbili asubuhi Naliaka alikuwa Kaloleni anamtoa mamake miiba.

"Mwambie huyo mtu achague njia nyingine," alisema Mama Nasambu, akiwa amelala kifudifudi.

"Mama, hana njia nyingine. Ni kazi yake."

"Na mgongo wangu je, si kazi?"

Saa nne alikuwa Kivumbini anakausha kaptura.

"Mwambie mama atembee jioni," alisema Wasike.

"Jioni barabara imejaa watu, anaona aibu."

"Na mimi je, aibu yangu nimeiuza?"

Naliaka alipanga ratiba. Mamake atoke jogoo wa kwanza, mumewe atoke king'ora cha kiwanda kikilia. Lakini majogoo wa Kaloleni walikuwa wavivu, na king'ora kilikuwa kinapigwa na mtu asiyekuwa na saa. Wiki hiyo walikutana mara tatu. Wasike alikimbia amevaa koti refu la mvua la jirani, akatoka jasho mpaka akaona nyota. Alijaribu njia ya kupanda upande wa mlima wa Menengai, na mgongo ukamrudisha kwa magoti. Alikosa siku mbili, kisha siku nne, na yale maumivu yakaanza tena kupaza sauti. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

"Nimechoka!" Naliaka alipiga meza mkono. "Nimekuwa posta! Huyu aniambie mwambie, yule aniambie mwambie. Nyinyi wawili mna mgongo mmoja na mimi ndiye ninayeubeba!"

Wasike aliinamisha kichwa. Aliona aibu kweli, aibu ya mtu mzima aliyejificha mtaroni huku mkewe anahangaika. "Mama Simiyu, mwombe Jumamosi moja tu. Mtihani ni saa tatu. Asionekane barabarani saa tatu. Nikishindwa kwa miguu yangu, ni sawa. Nisishindwe kwa sababu ya adabu."

Naliaka akapeleka ujumbe. Akarudi na jibu: Mama Nasambu amekubali. Jumamosi atatembea mapema sana, saa tatu ikifika atakuwa kitandani amejifunika.

*

Jumamosi Bwana Joginder alipata mteja wa kutoka Mau Narok aliyetaka mbao saa tatu. Akausogeza mtihani ukawa saa moja. Mtu wa kuipeleka habari hiyo Kaloleni hakuwepo.

Wasike alianza vizuri. Wenzake walikuwa getini wakimshangilia, pikapu ikanguruma nyuma, na yeye mkono hauko kiunoni, macho mbele. Mgongo ulisema yake, akauacha useme. Nguzo ya kumi, ya ishirini. Akaanza kuamini. Akaingia kwenye kile kipande cha mwisho kabla ya stesheni, ambapo kushoto ni seng'enge ya reli na kulia ni ukuta mrefu wa bohari, na hakuna mtaro wala kichochoro.

Mbele yake, hatua hamsini, ilikuwa inakwenda shuka ya maua.

Kusimama ni kupoteza kazi. Kugeuka ni kupoteza kazi. Kumpita mama mkwe, kwenye njia nyembamba, kwa kaptura ile, mchana kweupe? Baba yake angefufuka. Basi akafanya la pekee lililobaki. Alipunguza mwendo akawa anaruka-ruka karibu palepale, miguu inapanda na kushuka, safari haiendi.

"Wasike!" Honi ililia. "Hiyo ni kukimbia ama ni kuchota maji? Endelea!"

Mama Nasambu alisikia honi, akageuza shingo nusu. Akaona. Akatazama kushoto, seng'enge. Akatazama kulia, ukuta. Hakuwa na pa kujificha ila mbele. Alikunja shuka mpaka magotini akatoka mbio.

Jamani, yule mama alikimbia! Nguzo kwa nguzo, kikapu mkononi, na Wasike nyuma yake hatua zile zile hamsini, haongezi hapunguzi. Wapagazi wa stesheni waliacha mizigo wakapanda juu ya masanduku.

"Wewe! Mwache mama wa watu!" mmoja alifoka.

"Mzee, hata nyanya anakushinda?" hiyo ilikuwa sauti ya Jerop, mkebe chini, mikono kiunoni. "Mpite! Mpite!"

"Siwezi!" alilia Wasike, na machozi yalikuwa karibu.

Zilikuwa zimebaki nguzo nne. Mama Nasambu alianza kuyumba, mkono ukaenda mgongoni, mahali pale pale ambapo Wasike alijua panauma vipi. Akapunguza. Wasike akapunguza. Pikapu ikapunguza, na Bwana Joginder akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba anahesabu, na mtu anayekwenda hivi kwake amesimama. Moja, alisema. Mbili.

Ndipo Mama Nasambu aliposimama ghafla. Alijifunika shuka gubigubi, kichwa na kila kitu, akaugeukia ukuta wa bohari akauegemea kwa paji la uso. Na kutoka ndani ya shuka ile, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, akapaza sauti:

"Hapa hakuna mtu! Anayepita apite!"

Wasike aligeuza uso upande wa reli, akapita. Hakupata kukimbia hivyo maishani mwake wala hatakimbia tena. Alifika kwenye ngazi za stesheni akaishika nguzo ya mwisho kwa mikono miwili, na hakujua analia kwa mgongo, kwa kazi, au kwa yule mama aliyemwacha ukutani.

*

Bwana Joginder alishuka garini taratibu. "Nieleze," alisema. "Kwa nini unafukuza mwanamke mzee, halafu unakataa kumshika?"

Wasike alimweleza, kwa vipande, kila alipopata pumzi. Alitegemea kicheko. Bwana Joginder hakucheka. Alitazama kule ukutani, ambako Jerop alikuwa amemshika mkono yule aliyejifunika shuka na kumwelekeza Kaloleni.

"Mama yangu," alisema mwishowe, "alifunika uso mbele ya babu yangu, baba mkwe wake, mpaka babu akafa. Miaka kumi na tisa. Hakujua rangi ya macho yake." Akavuta ndevu. "Jumatatu, saa moja kamili. Utapima mbao, hutabeba. Na ukichelewa nitakufukuza kweli, kwa sababu sasa najua unaweza kukimbia."

Habari ilifika Kivumbini kabla yake. Lakini Wasike alikaa mchana kutwa bila raha, anamngoja Naliaka arudi kutoka Kaloleni. Alijua alichofanya. Alikuwa amempita mama mkwe mbele ya stesheni nzima. Wazee wangeitwa. Mbuzi angetakiwa, pengine na ng'ombe, na hata kama angelipa, lile jina baya lingebaki. Naliaka alipoingia, alivua viatu kwanza, akanywa maji, akaketi.

"Sema tu," alisema Wasike. "Anataka nini?"

"Nimemuuliza. Nimemwambia, mama, mume wangu yuko tayari kutoa mbuzi kwa sababu alikupita njiani." Naliaka alimwangalia mumewe, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Akaniambia, alinipita mimi? Wapi? Mimi nilikuwa nimelala. Barabarani hapakuwa na mtu."

Wasike alimsogelea.

"Amekasirika?"

"Sana. Anasema kama ungekuwa na akili ungempita kwenye nguzo ya kwanza, asingekimbizwa mpaka huko."

Wasike alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka mgongo ukamkamata na ikabidi Naliaka amsaidie kulala sakafuni.